Kwenye jedwali la kaunsili tuko kijani, nyumbani kwangu sivyo. Swali kwa kamati niliandikeje?

Mama Pangani

Habari zenu wadau. Mada hii ni ya walioko England hasa, maana Scotland na Wales wana taratibu zao.

Nauliza hivi: kuna mtu humu amewahi kupeleka swali kwenye ile kamati ya madiwani inayofuatilia afya ya umma na huduma za watu wazima? Si kulalamika kwenye simu, nasema kuuliza kikaoni, likasomwa, likajibiwa.

Mwenzenu namuuguza mama mkwe. Ni mtu wa Unguja, miaka 81, kumbukumbu zinampotea. Usiku wa manane anavaa buibui anataka aende Darajani kabla samaki hawajaisha. Mume wangu anaendesha lori, harudi kila siku. Mimi nilikuwa kwenye kazi hizi hizi za kuhudumia wazee, nikapunguza zamu, mwisho nikaacha kabisa.

Jumanne nilikwenda kukaa kwenye viti vya wananchi ukumbini. Marehemu baba yangu alikuwa diwani kule kwetu, kwa hiyo vikao vya namna hii si vigeni kwangu. Nyumbani Kamati ya Elimu, Afya na Maji ikikaa, mganga mkuu wa wilaya anafika na mafaili yake na jasho linamtoka. Hapa nilikuta utulivu mwingi. Karatasi imejaa mistari, kila mstari una rangi: kijani kwa lengo lililofikiwa, njano kwa linalosuasua, nyekundu kwa lililoshindikana. Afya ya umma yote, kliniki za magonjwa ya zinaa, huduma za waraibu, kuacha sigara, vipimo vya moyo na sukari kwa wenye miaka 40 hadi 74, vilipita haraka hata chai haijapoa. Halafu wakafika kwa walezi wa familia, yaani sisi tunaouguza watu wetu nyumbani bila mshahara. Mstari unasema tathmini za walezi, yaani kaunsili kupima mlezi mwenyewe anahitaji msaada gani, zilizokamilika kwa wakati: kijani. Diwani mmoja akawapongeza maofisa. Wakafungua ukurasa mwingine.

Nilibaki nimeduwaa. Mimi nilipiga simu kuomba tathmini Januari, wiki ile mama alipoanguka bafuni. Dada aliyepokea akaandika maelezo yangu, akasema nitapigiwa. Ofisa ustawi alinipigia miti imeshachanua. Tathmini ikafanyika, sikatai, na yule mama aliyekuja alikuwa na utu kweli. Lakini barua niliyoletewa baadaye inasema, nanukuu kwa Kiswahili changu, "ombi lako tulilipokea mwezi wa Aprili". Aprili! Januari imekwenda wapi?

Nina marafiki wawili wa hapa hapa mjini, mmoja Mbajuni, mmoja Mkongo wa Lubumbashi, na barua zao zina ugonjwa huo huo. Ndipo nikaanza kufikiri kwamba labda kijani kile si uongo, ila kimehesabiwa kuanzia pale panapopendeza.

Naombeni mnisaidie. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuuliza? Swali liandikwe vipi wasilipige chenga? Na kuna faida yoyote, au najitafutia uchovu tu?

---

Dereva wa Coventry

Dada pole na kuuguza. Mimi ni mtu wa kusema ukweli: utapoteza Jumanne zako bure. Hela hamna. Birmingham hapa jirani walitangaza mwaka 2023 kwamba bajeti imewashinda. Northamptonshire walifanya hivyo hivyo mwaka 2018, na mwaka 2021 ile kaunsili ya kaunti ikafutwa kabisa, zikaundwa mbili mpya. Ile kamati haina meno. Haiwezi kumwambia mkurugenzi "ajiri watu". Mwandikie mbunge wako, au nenda kwenye gazeti.

---

Karani wa Likoni

Mama Pangani, salamu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo: ni karani wa kamati kwenye kaunsili mojawapo, si yenu natumai. Naandaa ajenda, naandika kumbukumbu za kikao, napokea maswali ya wananchi na kuyapanga. Kwa hiyo nitakwambia jinsi mambo yanavyoonekana kutoka upande wa meza yetu, na sitakupamba.

Kwanza nimjibu ndugu Dereva. Ni kweli kamati haiamuru. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2000 iliwatenganisha madiwani: wachache wanakaa kwenye baraza la utendaji na kufanya maamuzi, waliobaki wanapewa kazi ya kuwahoji. Aliye kwenye utendaji haruhusiwi kukaa kwenye kamati ya kuhoji. Baba yako Mama Pangani angeona ajabu, kwa sababu kwenye mfumo wenu kamati inapitisha mambo. Hii yetu inauliza na kupendekeza, basi.

Lakini mapendekezo hayo hayatupwi hivi hivi. Kamati ikiyaandika rasmi na kutaka jibu, baraza la utendaji lina miezi miwili ya kujibu, na jibu linasema watafanya nini. Hospitali na vyombo vingine vya NHS, huduma ya afya ya taifa, vikiandikiwa na kamati ya afya na kutakiwa kujibu, vina siku 28. Hayo ni ya kisheria. Tatizo nililoliona mimi ni kwamba madiwani wengi hawafiki huko. Wanasema "tumepokea ripoti, tunashukuru", nami naandika "ripoti ilipokelewa". Ukisikia neno hilo "ilipokelewa", jua hakuna kitu kitakachorudi.

Na Northamptonshire hiyo hiyo ndugu Dereva uliyoitaja inanisaidia mimi kuliko wewe. Mkaguzi aliyetumwa na serikali, Max Caller, alipoandika ripoti yake Machi 2018, moja ya mambo aliyoelezwa na madiwani ni kwamba walipouliza maswali walinyimwa taarifa. Pesa hazikuisha kwa siku moja. Ziliisha huku wanaopaswa kuuliza wakizungushwa. Nenda nyuma zaidi, hospitali ya Stafford, miaka ya 2005 hadi 2009, wagonjwa wanaachwa na kiu na uchafu. Uchunguzi wa Robert Francis uliochapishwa Februari 2013 ulisema wazi kwamba kamati za madiwani za eneo lile hazikugundua dalili zozote kwamba mambo yameharibika. Vikao vilikuwepo. Ripoti zilipokelewa.

Sasa turudi kwa jedwali lako.

Jambo ulilolinusa liko sahihi, na wala si lazima mtu awe amedanganya. Sheria ya Huduma ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015, inampa mlezi wa familia haki yake mwenyewe ya kutathminiwa, mbali na ya mgonjwa. Haijali unauguza saa ngapi kwa wiki. Lakini sheria hiyo haikuweka idadi ya siku. Mwongozo wake unataka ifanyike ndani ya muda unaofaa, nukta. Kwa hiyo kaunsili inajiwekea kipimo chake, na inajiamulia saa inaanza kugonga lini. Kuna mahali saa inaanza simu inapopokelewa. Kuna mahali inaanza jina lako linapotoka kwenye foleni na kukabidhiwa ofisa. Wewe barua yako inaonyesha kama mko huku kwa pili. Miezi yako mitatu ya kungoja haikufutwa. Iko kwenye foleni ambayo kwenye karatasi ya kamati haina mstari.

Mchezo huu si wa walezi peke yao. Kuna kipimo maarufu kilichotumika miaka mingi: wazee wa miaka 65 na zaidi waliotoka hospitali wakapewa ile huduma ya muda ya kurudishiwa uwezo wa kujihudumia, wangapi bado wako nyumbani kwao siku ya 91? Namba inaweza kupendeza sana. Lakini ukiwapa huduma hiyo wale tu wenye nafuu, lazima wengi watakuwa bado nyumbani. Ndiyo maana kipimo hicho kilikuwa na pacha wake: kati ya wazee wote waliotoka hospitali, wangapi walipewa huduma hiyo? Diwani anayejua kazi anataka zote mbili mezani. Asiyejua anapongeza ya kwanza.

Vile vipimo vya miaka 40 hadi 74 navyo ni hivyo hivyo. Kila baada ya miaka mitano mtu asiye na maradhi hayo tayari anatakiwa kualikwa, na ni jukumu la kaunsili tangu afya ya umma ilipohamishwa kutoka NHS Aprili 2013. Barua zikitumwa, mstari wa mialiko unakuwa kijani. Waliofika ni mstari mwingine. Mume wako wa lori kapima?

Nimeandika mengi, na sijafika kwenye swali lako. Narudi baada ya kupika.

---

Mama Pangani

Karani umenimaliza. Barua ya mume wangu ipo nyuma ya friji tangu kiangazi. Amesema atakwenda "akipata nafasi", na nafasi ya dereva wa lori mnaijua.

Nakusubiri.

---

Karani wa Likoni

Nimerudi. Sasa namna ya kuuliza.

Usiandike kisa chako ndani ya swali. Najua kinauma, na najua ndicho kilichokutoa nyumbani. Lakini ukiandika "mimi nilipiga simu Januari", ofisa wa sheria atasimama na kusema kamati haijadili kesi ya mtu mmoja, na atakuwa na haki. Utaambiwa utafutwe pembeni. Utatafutwa kweli, utaombwa radhi, na ule mstari utabaki kijani. Kisa chako kipeleke kwenye njia ya malalamiko ya kaunsili, na wasipokuridhisha kuna Ombudsman wa serikali za mitaa na huduma za jamii, mchunguzi huru wa malalamiko, ambaye hamlipi chochote. Njia hizo mbili zinakwenda sambamba, moja haizuii nyingine.

Kwenye kamati uliza kipimo kimejengwaje. Saa inaanza lini. Nani anaondolewa kwenye hesabu, kwa mfano waliokata tamaa, waliokuwa hospitali, waliokufa wakingoja. Leo hii foleni ina watu wangapi na aliyengoja kuliko wote amengoja siku ngapi. Mambo haya ofisa hawezi kuyajibu kwa hotuba. Anahitaji tarehe na namba.

Mtego mkubwa ni muda. Karatasi za kikao kwa sheria zinatakiwa ziwe wazi kwa umma siku tano kamili za kazi kabla. Lakini maswali ya wananchi kila kaunsili ina kanuni yake, na nyingine zinataka swali lifike siku hizo hizo karatasi zinapotoka, au hata kabla. Ukisubiri usome ripoti ndipo uandike, umechelewa. Kwa hiyo wewe uliza juu ya ripoti iliyokwisha kuja, ile ya Jumanne. Haiwezi kukukimbia.

Fungua katiba ya kaunsili yenu kwenye tovuti, tafuta sehemu ya maswali ya umma. Angalia maneno mangapi yanaruhusiwa, dakika ngapi, na kama una haki ya swali la nyongeza. Likiwepo, jibu la kwanza watasoma kwenye karatasi. La nyongeza ndilo litakalowakuta bila karatasi.

Na mpelekee nakala mwenyekiti na makamu wake. Kwa adabu, bila kelele. Mimi nimeona diwani mpya kabisa akilibeba swali la mwananchi kama lake kwa sababu tu alikuwa amelisoma mapema na akalielewa.

---

Zamu ya Usiku

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kuzunguka nyumba za wazee, kampuni yetu ina mkataba na kaunsili. Sitaitaja na msinitafute inbox kuuliza. Nilikuja kwa ile viza ya wahudumu ilipofunguliwa 2022, na tangu walipofunga kuajiri kutoka nje Julai 2025, kila mtu anakwambia kaa kimya, shika kazi uliyo nayo.

Lakini hapa naweza kusema. Kwenye simu tuna programu. Nikiingia kwa mzee nabonyeza, nikitoka nabonyeza. Ziara imepangwa nusu saa. Rota haina muda wa kutoka mtaa huu hadi ule, so hiyo safari inatoka kwa dakika za mzee. Nusu saa inakuwa dakika kumi na nane. Kwa ripoti ya kampuni hiyo ni "ziara imefanyika". Kaunsili inahesabu ziara zilizofanyika, inaona ziko karibu zote, inapaka kijani. Wale NICE wenyewe, wanaotoa miongozo ya huduma za afya na za jamii, walisema mwaka 2015 ziara chini ya nusu saa isifanyike isipokuwa mhudumu anajulikana na mzee, iwe ni sehemu ya msaada mkubwa zaidi, na muda utoshe kwa kazi iliyopangwa. Sisi tunaingia tukiwa wageni, tunatoka tukiwa wageni.

Mama Pangani, dakika zote ziko ndani ya hiyo programu. Hazijapotea. Kama kuna diwani anataka kujua, aombe dakika zilizopangwa na dakika zilizofanyika, zikae pamoja kwa karatasi moja. Hakuna haja mtu kama mimi asimame aseme.

---

Dereva wa Coventry

Hii ya dakika nimeipenda. Bado nasema hela hamna. Lakini hii nimeipenda.

---

Mzee wa Chake

Assalaam alaykum nyote. Mama Pangani, mpe salamu mama yetu, mwambie Mpemba anamsalimu, atacheka au atatukana, yote heri.

Mimi nimestaafu, najitolea Healthwatch ya hapa ninapoishi. Kwa wasiojua, ni chombo kilichoanzishwa Aprili 2013 kukusanya maoni ya watumiaji wa huduma za afya na za jamii. Tuna haki ya kuingia kwenye nyumba za wazee na kuangalia, na tuna kiti kwenye bodi ya afya na ustawi ya kaunsili. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba itatufuta na kazi yetu kugawanywa, mimi naona ni makosa, lakini hilo lisiwazuie: maadamu ofisi iko wazi, itumieni.

Nataka kuongeza moja ambalo Karani hakuligusa. Waswahili kwenye majedwali haya hatupo. Tunawekwa kwenye kisanduku cha "Mwafrika Mweusi", au "Mwarabu", au "mengineyo", kila mtu kwa alivyojaza siku hiyo. Mama wa Unguja, Mkongo wa Lubumbashi na Mbajuni wa Kismayu wanaweza kuangukia visanduku vitatu tofauti na wote watatu wamekosa kitu kimoja: mtu wa kuzungumza nao kwa lugha wanayoijua. Nimekuta tathmini iliyofanywa kwa simu, mzee anaulizwa kwa Kiingereza kama anaweza kuoga mwenyewe, anajibu "yes" kwa heshima tu, kwa sababu mtu mzima hasemi mbele ya mgeni kwamba anaogeshwa. Ikaandikwa anajiweza. Imekamilika, kwa wakati, kijani.

Mwongozo wa sheria unataka mtu atathminiwe kwa njia anayoielewa na kuweza kushiriki. Mkalimani si hisani. Na tafadhali mkalimani asiwe mkwe! Mama hatamwambia ofisa aibu zake kupitia kwa mke wa mwanawe. Kwa hiyo kwenye swali lako weka kipande: tathmini ngapi zilihitaji mkalimani, na ngapi alipatikana. Wakisema hawarekodi, hilo nalo ni jibu, na liandikwe.

Jingine, unaruhusiwa kurekodi kikao kwa simu yako. Kanuni za mwaka 2014 zinaruhusu mwananchi kupiga picha na kurekodi kikao cha wazi. Mimi hufanya hivyo kwa sababu masikio yangu si ya jana.

---

Mama Pangani

Wa alaykum salaam, shikamoo Mzee. Nimempa salamu. Ameuliza "Mpemba gani, wa Wete au wa Chake?" nikamwambia Chake, akasema "afadhali". Sijui maana yake, mtajuana wenyewe.

Hilo la mkwe kutafsiri limenigusa, maana kwenye tathmini yake yeye mama mimi ndiye niliyetafsiri, na kuna swali la choo alinitazama tu akageukia ukutani.

Nimeandika hivi, nikosoeni:

"Kwenye ripoti ya utendaji ya kikao kilichopita tathmini za walezi wa familia zimepakwa kijani. Je, kamati inajua kwamba familia nyingi zinangoja miezi kabla ya kuhesabiwa, na kwamba hii si haki, na wazee wetu wanateseka, na je, kaunsili itafanya nini kuhusu hili na pia kuhusu dakika za wahudumu wa nyumbani na wakalimani?"

---

Karani wa Likoni

Bibie, hilo ni kilio, na kilio kitajibiwa kwa pole. "Je, kamati inajua" atakayejibu atasema ndiyo. "Itafanya nini" atasema tunalichukulia kwa uzito mkubwa. Umeshamaliza zamu yako hapo.

Na umepakia mambo matatu. Dakika za wahudumu zinastahili siku yake. Ziweke kwa kikao kijacho, au mpe diwani aziombe ziingizwe kwenye mpango kazi wa kamati. Mpango huo mara nyingi hupangwa baada ya uchaguzi wa Mei, lakini mwenyekiti anaweza kuongeza kitu katikati.

Jaribu hivi:

"Kuhusu mstari wa tathmini za walezi wa familia kwenye ripoti ya utendaji ya kikao kilichopita: (a) muda unaanza kuhesabiwa siku mlezi anapowasiliana na kaunsili mara ya kwanza, au siku anapokabidhiwa ofisa? (b) Hadi leo walezi wangapi wamewasiliana na hawajakabidhiwa, na aliyengoja muda mrefu zaidi amengoja siku ngapi? (c) Katika tathmini zilizokamilika, ngapi zilihitaji mkalimani na ngapi alikuwepo? Naomba kamati ipendekeze kwamba takwimu za (b) na (c) ziingizwe kwenye ripoti ya kila robo mwaka kuanzia ijayo."

Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoitolea jasho. Bila hiyo utapewa namba ya siku moja na hutaiona tena. Ukiwa nayo, diwani mmoja akisema "naafiki tupendekeze hivyo" na mwingine akaunga mkono, kamati ikakubali na kutaka jibu, karani mwenzangu wa kwenu analazimika kuiandika, na baraza la utendaji linalazimika kujibu.

Swali la nyongeza liwe fupi: "Kama saa ingeanza kwenye simu ya kwanza, mstari huo ungekuwa rangi gani?" Usiongeze neno. Kaa chini.

Halafu jua pia CQC, wakaguzi wa huduma, nao sasa wanazikagua kaunsili zenyewe, si nyumba za wazee peke yake. Walipewa jukumu hilo na sheria ya mwaka 2022, wakaanza Aprili 2023, na wanatoa daraja kuanzia bora sana hadi duni. Wanaangalia watu wanangoja kiasi gani, na wanazungumza na walezi. Angalia kama ripoti ya kaunsili yenu imeshatoka. Ikiwa imetoka, soma sehemu ya kutathmini mahitaji na uone inakubaliana na kile kijani au la. Ikiwa haijatoka, mkurugenzi wenu anaisubiri, na amini usiamini, hataki swali lako limtangulie.

---

Mama Pangani

Narudi na marejesho. Nimetuma. Karani wa kwetu amejibu vizuri tu, nina dakika tatu na swali la nyongeza moja linaruhusiwa. Ila ameniomba niondoe kipengele (b). Anasema eti ni "suala la uendeshaji wa kila siku", si la kamati. Nikubali?

Mume amepima. Shinikizo la damu liko juu, kapewa miadi kwa daktari. Mtuombee na hilo.

---

Karani wa Likoni

Ugua pole shemeji, vizuri kajua mapema.

Usiondoe. (b) ndiyo swali lenyewe, (a) na (c) zinaweza kujibiwa bila mtu kutoka jasho. Mjibu leo, kwa barua pepe, kwa adabu: unaomba akutajie kifungu cha katiba ya kaunsili kinachozuia kuuliza idadi ya watu walio kwenye foleni, wakati kamati hiyo hiyo imepokea ripoti ya asilimia ya waliotoka kwenye foleni. Nakala kwa mwenyekiti na makamu wake. Usimgombeze, huenda amebanwa na mtu wa juu yake, na mimi nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Akikutajia kifungu, kilete hapa tukisome. Asipokutajia, kipengele kinabaki, na wewe uwahi ukae kiti cha mbele karibu na kipaza sauti, vya nyuma havisikiki.